Mwenye Shamba Hutafuta Mtu wa Mbali

Julai 2017, ndege ya mizigo ya Qatar Airways ilitua Doha ikiwa imebeba ng'ombe 165 wa maziwa, aina ya Holstein, waliotoka Ujerumani kwa njia ya Budapest. Mwezi mmoja kabla, Juni 5, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikuwa zimeikatia Qatar uhusiano na kuifungia anga, bahari na mpaka wake pekee wa nchi kavu. Maziwa mengi ya madukani yalikuwa yakiingia kwa malori kutoka Saudia. Rafu zikabaki tupu, kisha tajiri mmoja akaamua kwamba malori yasipopita, ng'ombe watapaa. Kampuni yake, Baladna, leo ina ng'ombe zaidi ya 20,000 upande wa Al Khor, kaskazini mwa mji mkuu, na tangu Desemba 2019 hisa zake zinauzwa katika soko la hisa la Qatar.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na kila anayekisimulia huhesabu ng'ombe. Lakini ng'ombe wa maziwa hajui Ijumaa wala Idi. Saa ya kukamuliwa ikimpita, kiwele kinavimba na anaugua. Zipo mashine kubwa za kuzunguka zinazokamua ng'ombe wengi kwa mkupuo mmoja, ila lazima awepo mtu wa kuwaswaga hadi kwenye mashine, wa kuwasafisha chuchu, wa kuondoa samadi, wa kukesha na mtamba anayezaa usiku wa manane. Watu hao nao walikuja kwa ndege, na idadi yao hutaisikia katika hadithi.

Qatar ina wakazi takribani milioni tatu. Raia ni kama mmoja katika kila kumi. Katika soko la ajira wageni ni zaidi ya asilimia 90, na ukifika mashambani ni kama wote: mwenye shamba ni Mqatari, anayelima ni Mbangladeshi, Mnepali, Mhindi, Mpakistani, Msudani, na siku hizi pia Mkenya au Mganda. Kwa hiyo ukiwasikia watu wa Doha wakizungumzia uhaba wa wafanyakazi wa shamba, usiwaze vijana waliolikimbia jembe la babu zao kama tunavyosikia kuhusu Uingereza au Hispania. Babu zao hawakuwa na jembe la kutosha kulikimbia. Mvua ya mwaka mzima katika nchi ile ni kama milimita 80. Walipiga mbizi wakitafuta lulu, wakavua samaki, wakafuga ngamia na mbuzi, na penye kisima wakapanda mitende. Kilimo cha nyanya na matango ndani ya vitalu nyumba vyenye kupozwa kwa maji ni jambo la juzi, na tangu siku ya kwanza kimefanywa na mikono ya kuagizwa.

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ghuba wameifupisha methali hiyo. Jembe limo ndani ya viza.

Hoja yangu ni kwamba wenye mashamba wanapolia uhaba wa watu, Doha au popote, mara chache sana huwa watu hawapo. Walio karibu wamekataa masharti. Ndipo anapoagizwa mtu wa mbali, na umbali wake ndio bidhaa yenyewe: mtu asiyeweza kurudi kwao jioni, asiyejua lugha ya hakimu, asiye na mjomba mtaani wa kumpa pa kulala akigombana na mnyapara. Watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Qatar kujifunza kanuni hiyo. Ilitumika kwetu kabla Doha haijawa na barabara ya lami.

Chukua mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na katika miongo iliyofuata Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Tangu enzi za Wajerumani hadi za Waingereza, malalamiko ya wenye mashamba yalikuwa yaleyale: hatupati watu. Na Wabondei, Wasambaa na Wazigua walikuwepo palepale, wanauona mkonge kutoka barazani kwao. Walikuwa na mihogo, mahindi na minazi yao wenyewe. Wakihitaji fedha ya kodi au ya mahari walikuja kufanya kazi kidogo, mvua ikinyesha wanaondoka kwenda kupanda. Jambo hilo, ambalo mfanyabiashara yeyote angeliita kujua hesabu, kwenye makaratasi ya serikali ya kikoloni liliitwa uvivu.

Wenye mashamba hawakupandisha mshahara hadi Mbondei akubali. Walikwenda mbali. Mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ikawachukua watu Kigoma na Songea, na mashamba yakajaa pia Warundi na Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Hao ndio manamba. Walipandishwa malori na treni, wakalazwa kambini, wakakatiwa kipande cha siku 30 za kazi zilizokamilika, na siku isiyokamilika haikuhesabiwa. Kazi ya kukata mkonge ilikuwa ileile aliyoikataa Mbondei, na mshahara haukuwa wa kumtoa mtu jasho la furaha. Kilichobadilika ni kwamba Mrundi hakuwa na shamba la mihogo la kukimbilia umbali wa saa mbili kwa miguu.

Zanzibar ni hivyohivyo, tena kwa uchungu zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wenye mashamba ya karafuu walitabiri kwamba zao litaoza mitini. Halikuoza. Wahadimu wa kusini mwa Unguja walikuja kuchuma msimu ulipofika, kwa sababu uchumaji ulilipwa kwa kipimo na kipimo kilikuwa na pesa ya kueleweka. Walichokikataa ni kupalilia, kazi ya mwaka mzima yenye ujira mdogo. Kwa palizi wakatafutwa Wanyamwezi kutoka bara. Serikali ya wakati huo iliandika kurasa nyingi kuhusu tabia za makabila, nani mchapakazi na nani mtegeaji. Ukizisoma leo unashangaa hawakuona kwamba Mhadimu yuleyule alikuwa mchapakazi kwenye karafuu na mtegeaji kwenye magugu, na tofauti ilikuwa malipo.

Sasa turudi Doha, kwenye sheria, maana hapo ndipo umbali unapopewa muhuri.

Sheria ya Kazi ya Qatar ni namba 14 ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 3 kinataja watu ambao haiwahusu. Wamo wanajeshi na polisi, na hilo linaeleweka. Wamo wafanyakazi wa baharini. Wamo wa majumbani: madereva, wapishi, watunza bustani na wenzao. Na wamo wanaofanya kazi za kilimo na malisho, isipokuwa walioajiriwa na kampuni za kilimo zinazosindika na kuuza mazao yake, au wanaohudumia mitambo ya kilimo kwa kudumu. Hiyo isipokuwa inafaa kusomwa mara mbili. Fundi wa pampu ana sheria, na anayemwagilia matango kwa maji ya pampu hiyo hana. Anayekamua ng'ombe wa kampuni kubwa ana saa za kazi, ana likizo, ana mahali pa kushtaki. Anayechunga ngamia wa mtu binafsi jangwani upande wa Al Shahaniya anaishi kwa hisani ya tabia ya huyo mtu. Wapo wenye tabia njema, tena wengi. Lakini mshahara unaotegemea tabia ni sadaka iliyochelewa.

Tazama jinsi mageuzi yalivyosafiri. Mwaka 2018 Qatar iliondoa kibali cha kutoka nchini, ile karatasi ya kafili, yaani mwajiri mdhamini, ambayo bila yake mfanyakazi hakuweza kupanda ndege kwenda kuzika mama yake. Mageuzi hayo yaliwagusa waliomo ndani ya Sheria ya Kazi tu. Watu wa mashambani, pamoja na wa majumbani na wa baharini, walisubiri zaidi ya mwaka mmoja, hadi Januari 2020. Baadaye mwaka huohuo ikaja hatua ya kumruhusu mfanyakazi kuhama kazi bila barua ya mwajiri wake, na kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Machi 20, 2021: riyali 1,000 kwa mwezi, na asipopewa chakula na malazi aongezewe 300 na 500. Kima hicho kinamhusu kila mfanyakazi, wa shamba na wa jikoni, bila kujali pasipoti. Shirika la Kazi Duniani, ambalo lilifungua ofisi Doha mwaka 2018, lilikisifu kuwa cha kwanza katika eneo hilo kutobagua uraia.

Sitaki kuzidogosha hatua hizo. Anayesema hakuna kilichobadilika Qatar hajazungumza na mtu aliyefanya kazi kule kabla ya 2018. Hata hivyo mkaguzi wa kazi ana gari, ana ratiba, na anakwenda penye watu wengi. Kampuni ya ujenzi yenye wafanyakazi 5,000 hulipa kupitia benki na mfumo wa serikali unaona mshahara ulioingia na ambao haukuingia. Mchungaji wa mtu binafsi mara nyingi hulipwa mkononi, na mkono una kusahau. Kombe la Dunia la 2022 lilipokaribia, kamera zote zilielekezwa viwanjani, na haki ikaenda zilikoelekea kamera. Mbuzi hawakuwa na mechi.

Hata joto limegawanywa kwa mtindo huo. Tangu mwaka 2021, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za nje zimepigwa marufuku kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na wakati wowote kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo kikipita nyuzi 32.1, kazi isimame. Kanuni nzuri, na imeokoa watu. Lakini iliandikwa ikimwona mjenzi: ana msimamizi, ana saa ya kuingia, ana king'ora cha kutoka. Mchungaji analala palepale anapofanyia kazi. Nani atampigia king'ora? Mbuzi akitoweka saa saba mchana mwezi wa Agosti, anayeulizwa ni yeye.

Yupo Mkenya mmoja ambaye jina lake linajulikana kwa hili, Malcolm Bidali. Alikuwa mlinzi Doha, akawa anaandika mtandaoni kwa jina la kubuni kuhusu maisha ya walinzi: chumba cha watu wengi, godoro, basi la kwenda lindo. Alikamatwa Mei 2021, akazuiliwa wiki kadhaa, baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000 na kuondoka nchini Agosti mwaka huo. Faini hiyo ni kima cha chini cha mshahara cha miezi 25. Ninamtaja kwa sababu Bidali alikuwa na kila kitu ambacho mtu wa shamba hana: mji, wenzake, intaneti ya uhakika, Kiingereza safi, na mashirika ya kutetea haki yaliyopiga kelele alipotoweka. Kijana wa Kilifi aliyeko kwenye banda la ngamia, simu yake ikikosa mtandao kwa wiki moja, nyumbani watadhani ameishiwa salio.

Ukipata nafasi ukiwa Doha, nenda mtaa wa Msheireb, uingie Nyumba ya Bin Jelmood. Ni jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2015 ndani ya nyumba ya zamani ya mfanyabiashara wa watumwa, na linasimulia biashara hiyo katika Bahari ya Hindi bila kuficha uso. Nchi chache za eneo hilo zimethubutu. Waafrika Mashariki waliopelekwa Ghuba karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 walizamia lulu na kutunza mitende, na sababu iliyowafanya wahitajike vile ilikuwa soko: Marekani ilizipenda tende na Ulaya ilizipenda shanga za lulu. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952, ikawafidia wenye watumwa. Wazee waliozaliwa kabla ya hapo bado wapo.

Sisemi kafala, yaani mfumo huo wa kumfunga mfanyakazi kwa kafili wake, ni utumwa. Wanaosema hivyo kwa wepesi huwa hawajawahi kupokea pesa kutoka Ghuba zikalipa karo ya mdogo wao. Anayekwenda leo anakwenda kwa nia yake, ana mkataba, anatuma fedha, na mkataba ukiisha anarudi na bati za kuezekea nyumba. Ninachosema ni kwamba shamba la mitende la mwaka 1900 na kitalu nyumba cha mwaka huu vinamtafuta mtu yuleyule, yaani mtu wa mbali na kwao.

Na wala si tabia ya Waarabu, kama wengine wetu wanavyopenda kuamini. Miche ya mitende kutoka nchi za Ghuba na Afrika Kaskazini ilipelekwa California mwanzoni mwa karne ya 20, ikashika vizuri kwenye Bonde la Coachella, na tende za Marekani zikawa moja ya sababu za tende za Ghuba kukosa soko. Huko California nani anapanda juu ya mtende kuchavusha na kuvuna? Mmeksiko. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1938 iliyoweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada iliwaacha nje watu wa mashambani, sawasawa na Kifungu cha 3. Visingizio ni vilevile kila nchi: kilimo hufuata msimu, mkulima ni maskini, chakula lazima kiwe rahisi. Mkulima yupi maskini huko Doha, mimi sijui.

Israeli nayo, kabla ya Oktoba 2023, ilikuwa na Wathai wapatao 30,000 mashambani. Vita vilipoanza maelfu wakarudi kwao, na Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi wakazuiwa kuingia kazini. Ndani ya wiki chache serikali ya Kenya ikatangaza nafasi 1,500 za kazi za shamba huko, na Malawi ikapeleka vijana wake 221 wa kwanza kwa ndege moja. Watanzania wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo walikuwa miongoni mwa waliouawa Oktoba 7. Habari ya kifo cha mmoja wao ilikuwa bado mbichi wakati nafasi mpya zilipokuwa zikitangazwa. Matunda hayangoji kuzika.

Sisi tuna kisa chetu na Qatar ambacho watu wengi wamekisahau. Mwishoni mwa mwaka 2008, Rais Mwai Kibaki wa Kenya alikwenda Doha, na habari zilizotoka baada ya safari ile zilisema Qatar imeomba hekta 40,000 kwenye Delta ya Tana ili ilime matunda na mboga za kupeleka kwao, huku Kenya ikitafuta fedha za kujenga bandari ya Lamu. Bei ya chakula duniani ilikuwa imepanda vibaya mwaka ule, na nchi tajiri zisizo na mvua zilikuwa zikitafuta ardhi kila mahali. Qatar ilikuwa ndiyo kwanza imeanzisha Hassad Food, kampuni ya serikali ya kuwekeza kwenye chakula ughaibuni. Kenya wakati huohuo ilikuwa na njaa. Wapokomo wanaolima kandokando ya mto na Waorma wanaonywesha ng'ombe kwenye delta hiyo kiangazi waliuliza wao watakwenda wapi, wanamazingira wakapiga kelele, na mpango ukafifia.

Tulidhani tumeshinda, na kwa kiasi fulani tulishinda. Ardhi haikwenda. Baada ya vikwazo vya 2017 Qatar iliamua kulima nyumbani kwake, ikamwaga fedha kwenye vitalu nyumba, na mkakati wake wa sasa unataka asilimia 55 ya mboga zilimwe humohumo ifikapo 2030. Kwa hiyo nyanya ambayo ingelimwa Garsen, kwenye delta ile, na kusafirishwa Doha inalimwa Al Khor, na anayesafirishwa ni mtu wa pwani yetu. Mto Tana bado unamwaga maji yake baharini pale Kipini, na kijana aliyezaliwa kando yake anakwenda kumwagilia kwa maji ya kisima kirefu mahali pasipo na mto hata mmoja.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini akubali? Hesabu yake haihitaji mwalimu. Riyali 1,000 ni kama dola 275, yaani shilingi 35,000 hivi za Kenya. Kwa amri ya mishahara iliyotoka mwaka 2024, kibarua wa shamba asiye na ujuzi nchini Kenya aliwekewa kima cha chini kisichofika 8,000 kwa mwezi, wakati kibarua wa kawaida wa Nairobi kima chake kilipita 16,000. Tanzania, amri iliyoanza Januari 2023 iliweka 140,000 kwa mwezi kwa sekta ya kilimo. Riyali 1,000 ni kama laki saba za huko. Kwa hiyo tunapomwona waziri akihuzunika kwenye runinga kwamba vijana wanaikimbia ardhi, na ajenti mtaani Mtwapa akiahidi kazi ya mazraa, yaani shamba, na chakula cha bure juu yake, anayesema ukweli zaidi kuhusu mshahara ni ajenti. Uongo wa ajenti huwa mahali pengine: gharama za safari zitakazokatwa, kazi itakayobadilika ukifika, na jina la mwajiri ambalo halikuandikwa.

Ndiyo maana hata mashamba yetu sasa yanalia uhaba. Waulize wenye kahawa za mlimani msimu wa kuchuma, au wenye mpunga wakati wa kuamia ndege. Watakuambia vijana wa siku hizi wanapenda bodaboda. Ni lugha ileile ya wenye mkonge wa Tanga, imebadilishwa tu jina la anayeitwa mvivu. Na dawa wanayoitumia ni ileile pia: mtu wa mbali. Tumewaona vijana wa Turkana wakichunga mifugo Laikipia, na Warundi wakilima kwa msimu upande wa Kigoma na Kagera bila karatasi, wakiogopa kudai kwa sababu ya hizo karatasi. Tunamnyooshea Mqatari kidole kwa jambo ambalo hata Kasulu, hukohuko Kigoma, linajulikana.

Kuna mfano mmoja wa Qatar yenyewe ambao naupenda, kwa sababu unaonyesha uhaba ni kitu cha namna gani. Mashindano ya ngamia ni mapenzi makubwa kule. Kwa miaka mingi wapanda ngamia walikuwa watoto, wadogo kabisa, waliotolewa Sudan, Pakistan na Bangladesh. Walitakiwa wepesi, na mtoto wa mbali na wazazi wake ni rahisi kumnyima chakula ili abaki mwepesi. Ukiwauliza wenye ngamia wa miaka ile, mchezo usingewezekana bila wao. Mwaka 2005 Qatar ilipiga marufuku. Ikashirikiana na kampuni ya Uswisi kutengeneza roboti, kimashine kidogo chenye fimbo kinachofungwa mgongoni mwa ngamia, na mwenye ngamia akikiendesha kwa rimoti huku akifuata kwa gari kandokando ya uwanja. Al Shahaniya hadi leo wanashindana hivyo. Hakuna mashindano yaliyokufa kwa kukosa watoto. Teknolojia hiyo haikuwa ya ajabu, ingeweza kutengenezwa miaka kumi kabla. Ilisubiri mlango wa mtoto ufungwe.

Naamini matango ni vivyo hivyo. Mikono ikiwa rahisi, hakuna atakayenunua mashine. Na mashine zipo: Waholanzi wanauza vitalu nyumba ambavyo mtu mmoja anafanya kazi ya watu kadhaa, na analipwa kama fundi. Qatar ina fedha za kununua chochote kati ya hivyo. Siku Kifungu cha 3 kitakapofutwa, na mchungaji na mmwagiliaji waingie ndani ya Sheria ya Kazi kama mwashi na mlinzi, baadhi ya nafasi hizo zitapotea. Serikali zetu zinalijua hilo, na naona ndiyo sababu hazilisemi. Kenya ina mpango wake wa Kazi Majuu, na mafanikio yake hupimwa kwa idadi ya walioondoka. Sijasikia waziri akisimama bungeni kueleza ni wangapi walioondoka wakiwa chini ya sheria na wangapi nje yake.

Wajumbe wetu wana nguvu kuliko wanavyojidai. Wanaweza kukataa kupeleka mtu kwa kafili binafsi kwa kazi ya shamba, wakakubali kampuni tu. Wanaweza kudai mshahara wa kila Mkenya, Mganda na Mtanzania upite benki hata akiwa peke yake jangwani. Wanaweza kumpa ofisa wa kazi wa ubalozi gari na mafuta, afike kwenye mabanda badala ya kungoja waliokimbia wafike kwenye lango la ubalozi. Lakini wakikaa mezani kuyasema hayo, mwenyeji wao ana haki ya kuuliza kibarua wa shamba analipwa ngapi kwao, na ndiyo maana amri ya mishahara ya Nairobi na ya Dodoma ni sehemu ya mazungumzo ya Doha, watake wasitake.

Kwa anayesafiri mwezi huu, mambo hayo yatachelewa. Asome mkataba wake kabla ya kupanda ndege, kwenye mstari wa mwajiri, aone kama limeandikwa jina la kampuni au la mtu. Kama ni la mtu, na kazi ni ya shamba au ya malisho, aulize kwa maandishi mshahara utapitia benki gani, na nakala moja ya jibu aiache nyumbani.